Kuusuka upya mfumo wa taarifa za kazi za wahadhiri huku kanuni zikibadilika

Mifumo mingi ya serikali ya kukusanya taarifa za kazi za wahadhiri hujengwa kana kwamba kanuni ya siku ile itadumu milele. Kiwango cha krediti, yaani kipimo cha mzigo wa kazi wa mhadhiri, kinaandikwa ndani ya msimbo wa programu, jina la wizara linachapwa kwenye kila kiolezo, na fomu inafuata kiambatisho cha waraka neno kwa neno. Waraka mpya ukitoka, kila kitu kinang'olewa. Anayeumia ni mhadhiri, maana analazimika kujaza upya kazi alizokwisha kuzitolea taarifa, na mara nyingi taarifa hizo ndizo msingi wa posho yake au wa kupandishwa cheo.

Mwongozo huu ni wa timu iliyopewa kazi ya kuusuka upya mfumo wa namna hiyo. Mifano mingi nimeitoa Indonesia, kwa sababu kanuni zake kuhusu wahadhiri zimechapishwa wazi na zimebadilika mara kadhaa, ila hatua zenyewe zinafaa popote. Shina lake ni moja: alichokifanya mhadhiri kihifadhiwe mbali na namna serikali inavyokihesabu.

Hatua ya 1: Andika daftari la kanuni kabla ya kugusa programu

Kusanya kila andiko linalomtaka mhadhiri atoe taarifa: sheria ya bunge, kanuni za waziri, miongozo ya kurugenzi, nyaraka za ndani. Vunja kila andiko vipandevipande, kisha kwa kila sharti andika mambo matano: linamhusu nani, linataka nini, linaanza lini, limetoka kifungu gani, na nani ana mamlaka ya kulibadilisha.

Hilo la tano ndilo linalosahaulika, na ndilo linaloamua umbo la mfumo. Nchini Indonesia, Sheria Na. 14 ya mwaka 2005 inasema mzigo wa kazi wa mhadhiri usipungue krediti 12 wala usizidi 16. Chini yake, mwaka 2021, kurugenzi kuu ya elimu ya juu ilitoa mwongozo wa utekelezaji unaoeleza shughuli ipi ihesabiwe vipi. Mwaka 2024 ikaja Kanuni ya Waziri Na. 44 kuhusu taaluma, ajira na kipato cha wahadhiri. Kiwango kilichomo kwenye sheria hubadilika kwa kura za wabunge, ilhali mwongozo hubadilika kwa saini ya mkurugenzi mmoja. Kwa hiyo chochote kilichomo kwenye mwongozo lazima kiweze kurekebishwa bila kumwita msanidi programu.

Daftari likikamilika, lilinganishe na fomu ya sasa. Utakuta nyuga, yaani nafasi za kujaza, ambazo hakuna kanuni yoyote inayozitaka. Ziliongezwa na ofisa fulani zamani, zikabaki. Ziondoe. Dakika anazotumia mhadhiri kuzijaza wamepokonywa wanafunzi wake, na serikali haina haki ya kuzichukua bila kifungu cha kuzitetea.

Hatua ya 2: Tenganisha tukio na hukumu

Hapa ndipo mradi unapopona au kufa, kwa hiyo usiharakishe.

Tukio ni jambo lililotokea: mhadhiri fulani alifundisha kozi ya takwimu, saa tatu kwa wiki, wanafunzi themanini, akisaidiana na mwenzake mmoja, kuanzia tarehe hii hadi tarehe ile. Hukumu ni tafsiri ya tukio hilo kwa mujibu wa kanuni: "hii ni sawa na krediti moja na nusu." Mifumo ya zamani huhifadhi hukumu peke yake. Kanuni ya kugawana kozi ikibadilika, hakuna awezaye kukokotoa upya, kwa kuwa saa, idadi ya wanafunzi na mgawo wa mwenzake havikuandikwa popote.

Tengeneza basi jedwali la matukio lisilo na safu yoyote ya alama wala krediti. Liwe na aina ya shughuli, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa, wahusika pamoja na sehemu ya kila mmoja, na ushahidi. Hukumu zikae kwenye jedwali lake, na kila hukumu itaje tukio inalolihusu na toleo la kanuni lililotumika. Mhadhiri anaeleza kazi yake mara moja tu. Serikali inaweza kuihesabu mara nyingi ipendavyo.

Utaulizwa: tutajuaje leo ni taarifa gani zitahitajika na kanuni ya kesho? Huwezi kujua zote. Lakini muda, watu, mahali, kiasi na ushahidi ni mambo ambayo karibu kila kanuni ya kazi ya kitaaluma huyarudia kwa sura mpya. Yachukue hayo yakiwa mabichi, yasiyojumlishwa, na utakuwa umejikinga na mabadiliko mengi.

Hatua ya 3: Kanuni ziwe data yenye tarehe

Usiandike "12" ndani ya msimbo. Iandike kwenye jedwali. Huu ni mfano wa kubuni wa kanuni ya kozi inayofundishwa na watu wawili:

kanuni: mgawo_wa_kozi | njia: sawa_kwa_sawa | inaanza: 2023-01-01 | inaisha: 2024-06-30 | chanzo: mwongozo A, kifungu 7
kanuni: mgawo_wa_kozi | njia: kwa_saa | inaanza: 2024-07-01 | inaisha: (wazi) | chanzo: mwongozo B, kifungu 4

Mstari haufutwi kamwe. Unafungwa kwa tarehe. Chanzo ni lazima: mstari usiotaja kifungu usikubaliwe na hifadhidata yenyewe.

Kisha ongeza kalenda ya pili. Kuna tarehe ambayo kanuni inaanza kutumika, na kuna tarehe ambayo mfumo uliijua. Waraka unaweza kutiwa saini mwezi wa tatu ukisema unatumika tangu mwezi wa kwanza. Mhadhiri aliyehukumiwa mwezi wa pili alihukumiwa kwa usahihi kulingana na kilichojulikana siku hiyo, na mkaguzi akija mwakani mfumo uweze kuonyesha hali zote mbili. Kiwango cha mwaka 2011 cha SQL, lugha ya kuendeshea hifadhidata, kiliingiza majedwali ya namna hii, ya muda wa matumizi na ya muda wa mfumo, na baadhi ya hifadhidata zinayo tayari. Kama yako haina, safu nne za tarehe na nidhamu ya kutofuta zinatosha.

Vifungu vya mpito vishughulikie peke yake. Swali la kumpelekea mwanasheria wa wizara, kwa maandishi, ni hili: kazi iliyoanza chini ya kanuni ya zamani na kumalizika chini ya mpya inahesabiwa kwa tarehe ya kufanyika, kwa tarehe ya kuwasilishwa, au kwa chaguo la mhadhiri? Majibu hayo matatu yanazaa mifumo mitatu tofauti. Pasipokuwa na jibu, msanidi atajichagulia mwenyewe, na hapo mtu asiye na mamlaka atakuwa ametunga sheria.

Hatua ya 4: Vitambulisho visiwe ufunguo

Kila mhadhiri apewe ufunguo wa ndani, yaani alama ya kumuunganisha kwenye majedwali yote, usio na maana yoyote nje ya hifadhidata, halafu vitambulisho rasmi vikae kwenye jedwali tofauti, kila kimoja na tarehe zake. Indonesia ilikuwa ikiwatambua wahadhiri kwa namba ya NIDN yenye tarakimu 10. Kanuni ya 2024 ikawahamishia kwenye NUPTK yenye tarakimu 16. Mfumo uliofanya namba ya kwanza kuwa ufunguo wa kila jedwali una kazi ngumu. Ulioichukulia kama sifa ya mtu unaongeza mstari mmoja tu.

Hifadhi vitambulisho kama maandishi, sio namba. Sifuri za mwanzo hupotea zikihifadhiwa kama namba, na kitambulisho cha ORCID, kinachotumiwa na watafiti duniani tangu 2012, kina tarakimu 16, ila ya mwisho inaweza kuwa herufi X.

Jina la taasisi nalo ni data. Oktoba 2024 wizara ya elimu, utamaduni, utafiti na teknolojia ya Indonesia iligawanywa kuwa wizara tatu. Hebu fikiria violezo vya barua, anwani za tovuti na nembo zote zilizohitaji kuguswa.

Hatua ya 5: Vuta kilichopo, mhadhiri athibitishe

Ratiba ya kozi chuo kinayo. Taarifa za makala nyingi zenye DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha makala mtandaoni, zinapatikana kupitia Crossref, shirika la kusajili vitambulisho hivyo, ambalo kiolesura chake cha programu kiko wazi kwa yeyote. Usimwombe mtu achape kichwa cha makala ambacho mashine inaweza kukisoma. Mwonyeshe orodha, naye aseme "hii ni yangu" au "hii si yangu", kwa kuwa majina yanafanana na mashine hukosea.

Ila jambo hili nalisisitiza: si kila kazi ina DOI. Majarida mengi ya lugha za nyumbani hayana, wala maonyesho ya sanaa, wala ushauri uliotolewa kwa wakulima. Ukiifanya njia ya kujaza kwa mkono iwe ngumu na ya kufichwa, utakuwa umeamua kimyakimya kwamba kazi hizo hazina thamani, uamuzi ambao hakuna kanuni iliyokupa.

Hatua ya 6: Onyesha hesabu

Skrini ya mhadhiri ionyeshe kila tukio, krediti zake, na kifungu kilichotumika, kwa Kiswahili au lugha yoyote anayoielewa vizuri. Pembeni kuwe na kitufe cha kupinga, na pingamizi lifike kwa mtu mwenye jina na muda wa kujibu. Fomu ijihifadhi yenyewe kila uga unapojazwa, mtandao hukatika.

Hatua ya 7: Jaribu kwa mashauri yaliyokwisha amuliwa

Chukua taarifa za miaka iliyopita ambazo zilikwisha hukumiwa, ondoa majina, ziingize kwenye mfumo mpya chini ya kanuni za wakati ule. Majibu yalingane. Yasipolingana, ama umeisoma kanuni vibaya, ama mfumo wa zamani ulikuwa ukihukumu kinyume cha kanuni. La pili likijitokeza, mpelekee mwenye mamlaka, usilirekebishe kimyakimya.

Tafuta kwa makusudi watu wa pembezoni: aliye kwenye likizo ya uzazi, aliye masomoni, mkuu wa kitivo mwenye kazi za utawala, aliyehama chuo katikati ya muhula, anayefundisha kampasi mbili, aliyestaafu kabla ya muhula kwisha. Mhadhiri wa kawaida atapita hata kwenye mfumo mbovu.

Kisha geuza zana hiyo hiyo ielekee mbele. Rasimu ya kanuni mpya ikiwa bado mezani, iingize kama toleo la majaribio na uikokotoe juu ya matukio halisi ya mwaka uliopita. Utaona ni kundi gani litaanguka chini ya kiwango na kwa kifungu kipi. Wapeleke watunga kanuni matokeo hayo kabla ya saini. Kwangu mimi hii ndiyo faida kubwa kuliko zote za kazi hii: kosa la kifungu likigunduliwa kwenye rasimu hurekebishwa kwa kalamu, likigunduliwa baadaye hurekebishwa kwa mishahara ya watu.

Hatua ya 8: Hamia taratibu

Mfumo wa zamani na mpya vikimbie sambamba kwa muhula mzima, mpya ukianza na vyuo vichache vyenye hali tofauti, kikiwemo chenye mtandao dhaifu. Usibadilishe chochote katika wiki ya mwisho ya kuwasilisha. Taarifa za zamani ambazo zina hukumu tu bila matukio zihamishwe kama zilivyo, zikiwa na alama ya kuonyesha hivyo, bila kukokotolewa upya na bila kumrudia mhadhiri kumdai maelezo ya miaka ya nyuma.

Mwisho, andika utaratibu wa siku waraka mpya unapotoka, na uufanyie mazoezi kwa waraka wa kubuni kabla wa kweli haujafika. Mwanasheria anasoma na kujaza daftari la kanuni. Ofisa wa sera anaingiza mstari kwenye jedwali. Mtu wa pili, tofauti na huyo, anaulinganisha na kifungu na kuuidhinisha. Mashauri ya majaribio yanakokotolewa. Wahadhiri wanaoguswa, na hao tu, wanapata ujumbe unaosema kipi kimebadilika kwenye hesabu yao na kwamba hawatakiwi kujaza chochote upya. Pima muda kuanzia waraka kupokelewa hadi ujumbe huo kutumwa, na kila zoezi likiisha tafuta ni hatua ipi iliyousubirisha.