Kutoa DNA ya ndizi kisukari jikoni, na swali linalofuata

Nunua kisukari kilichoiva hadi ganda likapiga madoa meusi. Hapa Moshi, Mbuyuni jioni, utakipata kwa bei ya kutupa. Mshare mbichi achana nao, huo ni wa mtori.

Ponda vidole viwili vya ndizi kwa uma mpaka mabonge yaishe. Kwenye nusu kikombe cha maji vuguvugu weka kijiko cha chai cha sabuni ya vyombo na nusu kijiko cha chumvi, umimine kwenye ndizi. Sabuni inapasua utando wa seli, ambao ni wa mafuta. Chumvi inasaidia nyuzi za DNA zishikane. Koroga taratibu! Mwaka wangu wa kwanza kufundisha nilikoroga kama nasonga ugali. Povu likajaa, darasa likacheka, DNA hatukuiona.

Baada ya dakika 10 chuja kwa kitambaa safi. Chukua spiriti ya duka la dawa iliyokaa kwenye barafu, mbali na jiko maana inashika moto, uiteremshe polepole pembeni mwa glasi uliyoiinamisha, ielee juu. Kiasi kilingane na maji ya ndizi. DNA haiyeyuki kwenye spiriti, kwa hiyo pale vinapokutana zitapanda nyuzi nyeupe, kama kamasi hasa. Zizungushe kwenye kijiti cha mshikaki.

Hapo lazima mtu aulize: "Madam, sasa tuiingize kwenye mgomba mwingine?"

Haiingii hivyo. Kijiti kimebeba jeni zote za ndizi, yaani vipande vya DNA vinavyobeba sifa zake, zaidi ya 30,000, pamoja na uchafu. Mtaalamu anachukua jeni anayoitaka tu, anaipakia kwa Agrobakteria, kidudu ambacho kwa asili yake hupenyeza kipande cha DNA kwenye mimea. Kazi yenyewe ni kuilea seli iliyoipokea mpaka iwe mche, na miezi mingi inaishia hapo. Tena jeni hutua popote, kwa hiyo unaotesha miche mingi, mingi unaitupa.

Wataalamu wanajisumbua hivyo kwa sababu migomba yetu karibu haina mbegu, kuichavusha ili kupata aina mpya ni taabu. Uganda walihamisha jeni za pilipili hoho, na migomba ya majaribio ikastahimili mnyauko wa bakteria shambani. Jeni moja ilitosha kuleta kinga ile. Ukubwa wa mkungu hushikwa na jeni nyingi kwa pamoja, na huo hauhamishiki kwa mkupuo.

Maganda wape mbuzi. Kilichobaki kwenye glasi mwaga, kina sabuni.