Maneno yakikukimbia katikati ya mazungumzo: fanya hivi

Kijana mmoja anayeuza viatu vya mtumba Mwanjelwa, hapa Mbeya, alinijia akiamini ana ugonjwa wa kusahau. (Ameniruhusu nieleze habari zake bila jina.) Sokoni anahudumia wateja watano kwa mpigo, na anakumbuka nani anatafuta namba 42 na nani aliacha nusu ya hela. Lakini alipokwenda Tukuyu kujitambulisha ukweni, baba mkwe alimuuliza kazi inaendeleaje. Akaanza vizuri: "Kazi inaendelea, baba, kwa sababu msimu huu..." Akaishia hapo. Akabaki anakitazama kikombe cha chai, na chumba kizima kimya.

Nimefanya kazi ya unasihi miaka mingi, na malalamiko haya ninayasikia mara kwa mara. Karibu kila anayekuja ameshajiita mjinga kabla hajafika kwangu, jambo linaloniuma, kwa sababu akili yake ni nzima.

Tunapoongea tunategemea kumbukumbu ya papo kwa papo, na nafasi yake ni finyu: watafiti wengi wanakadiria inabeba kama mambo manne tu kwa wakati mmoja. Wasiwasi ukiingia, nafasi hizo zinakaliwa na "ananionaje?", "sauti inatetemeka?", "nisije nikakosea". Ulichokuwa unasema kinakosa pa kukaa. Wakati huohuo mwili unamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, nawe unazidi kujichunguza.

Hatua ya 1: Acha kulikimbiza neno. Kadiri unavyolisaka ndivyo hofu inavyopanda. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, uzisikie. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Kutoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuivuta ndiko kunakoupunguza mwendo wa moyo. Mara moja au mbili zinatosha, na aliye mbele yako ataona tu kwamba unatafakari.

Hatua ya 2: Sema wazi. Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, na ndiyo watu wanaiogopa zaidi. Kinachochosha si kusahau, ni kuficha kwamba umesahau. Andaa sentensi moja mapema. Kwa rafiki: "Ngoja, nimesahau nilikuwa nasema nini." Kwa mkubwa wako: "Samahani mzee, neno limenitoka kidogo." Kwenye usaili wa kazi: "Naomba unirudie swali, nijibu vizuri." Ukishasema, hofu ya kugundulika inakosa kazi, na nafasi moja kichwani inafunguka.

Kisha rudia neno la mwisho unalolikumbuka. Yule kijana tulimfanyisha mazoezi kwa maneno yake yaleyale: "Msimu huu... nilikuwa nasema msimu huu..." Mara ya tatu akamalizia mwenyewe: msimu huu ni wa baridi, viatu vya kufunika vinatoka sana. Neno la mwisho mara nyingi huvuta lililofuata. Lisipovuta, muulize mwenzako, "Tulikuwa tumefika wapi?" Watu hupenda kusaidia.

Hatua ya 3: Hamisha macho ya ndani. Umekuwa ukijitazama wewe. Sasa mtazame yeye. Anauliza kwa sababu gani? Ametaja nini ambacho hukukielewa? Uliza swali moja la kweli. Ukimsikiliza mtu sawasawa, unapungukiwa na muda wa kujihukumu.

Hatua ya 4: Usikariri. Wengi hujiandaa kwa kutunga sentensi nzima kichwani, kisha wakipotelewa na neno moja, jengo lote linaanguka. Beba maneno matatu tu. Kwa ukweni: kazi, makazi, wazazi. Yaliyobaki yatakuja kwa lugha yako ya kila siku.

Hatua ya 5: Zoea kunyamaza. Anza pasipo na gharama. Ukiwa unanunua viazi, nyamaza kwa makusudi sekunde tatu katikati ya maneno, kisha endelea. Kesho yake, kwa konda. Wiki inayofuata, kwa jirani unayemheshimu. Panda ngazi moja moja, na usiruke moja kwa moja hadi kwa baba mkwe. Ukikwepa kila mazungumzo magumu, hofu inakua. Ukikaa ndani yake hadi ishuke, mwili unajifunza kwamba hakuna hatari.

Kuhusu kahawa: ya Mbozi ni nzuri sana, lakini vikombe viwili kabla ya kikao kigumu vinaweza kuongeza mapigo ya moyo na mtetemeko. Kunywa baadaye. Na lala vya kutosha, maana usingizi haba unaibana kumbukumbu hiyohiyo.

Hatua ya 6: Jua wakati wa kutafuta msaada. Ikiwa umeanza kuacha vipindi chuoni, kukwepa misiba na harusi, au hulali kwa sababu ya kurudiarudia mazungumzo yaliyopita, onana na mnasihi au daktari wa afya ya akili katika hospitali ya rufaa. Hali hii inatibika, kwa mazungumzo na, kwa wengine, dawa. Lakini maneno yakipotea ghafla pamoja na mdomo kwenda upande, ulimi kuwa mzito, au mkono mmoja kukosa nguvu, huo si wasiwasi. Inaweza kuwa kiharusi. Mpeleke mgonjwa hospitali saa ileile, hata kama ni usiku.