Jinsi ya kuomba uhamisho wa kadi ya pikipiki kabla ya kupanda Kitulo na kuvuka Kasumulu

Wanaopanga safari ya pikipiki Nyanda za Juu Kusini huanza na ramani. Chimala mpaka Matamba kwa zile kona hamsini na saba, Kitulo juu kwenye mita 2,600, kushukia Isyonje, Tukuyu, Kyela, kisha Kasumulu, na ukishaingia Malawi unaipanda barabara ya Gorode kutoka Chitimba hadi Livingstonia. Ramani haina shida. Toa kadi ya pikipiki usome jina. Kama si lako, mlima wa kwanza uko dirishani kwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na wenyewe hauna mteremko.

Ndani ya nchi watu wanatembelea kadi za wengine miaka na miaka. Trafiki wa Uyole atauliza leseni na bima, ataangalia taa, atakuachia. Mpakani ni habari nyingine. Forodha wanachoogopa ni chombo kutoka kisirudi, kwa hiyo wanataka kujua mwenyewe ni nani. Unaweza kuvuka na barua ya ridhaa ya mwenye kadi iliyogongwa mhuri wa wakili, na kwa pikipiki ya mkataba ambayo kadi bado iko kwa mkopeshaji hiyo ndiyo njia pekee. Ila kama umeinunua na ni yako, hamisha kadi. Barua ya ridhaa kila afisa ana namna yake ya kuisoma.

Kwanza mtafute mwenye jina. Sisemi aliyekuuzia, nasema mwenye jina. Pikipiki za huku zinapita mikono mitatu minne bila kadi kubadilishwa, na kila anayeuza anakwambia "kadi ni safi". Ya kwangu ilikuwa safi kweli, haikuwa hata na mkunjo. Jina lililoandikwa lilikuwa la bwana mmoja ambaye muuzaji wangu alikuwa hajawahi kumwona. Nilimpata Mafinga, kwenye mbao, baada ya kupigiana simu na watu wasiojuana. Mtu muungwana, alikuwa tayari kusaini. Lakini uhamisho unahitaji TIN yake (namba ya mlipakodi), kitambulisho chake cha NIDA na picha, na TIN yake ilikuwa imesajiliwa kwa laini aliyoipoteza zamani. Ujumbe wa uthibitisho ukawa unakwenda kwenye simu ya nani, Mungu ndiye anajua. Ikabidi yeye kwanza aende kurekebisha taarifa zake, na mtu mwenye shamba la miti haachi kazi kwa ajili ya pikipiki aliyokwisha isahau. Nauli nikatoa mimi, na chakula cha mchana pia.

Kwa hiyo, kabla hujatoa hela, mpigie mwenye jina mwenyewe, akiwa na TIN yake mkononi, na muulize namba ya simu iliyosajiliwa kwenye hiyo TIN kama bado anayo. Halafu usilipe bei yote. Bakiza kiasi ambacho muuzaji atakikumbuka kila asubuhi, mkubaliane kwa maandishi kwamba atakipata kadi ikitoka kwa jina lako. Utashangaa jinsi anavyojua kupokea simu. Kama mwenye jina ameshafariki, anayeweza kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mjane peke yake wala si kaka mkubwa, hata kama ukoo mzima umekubali.

Mkataba wa mauziano uandikwe kwa wakili. Namba ya chesisi na ya injini zinakiliwe kutoka kwenye chuma chenyewe, zisinakiliwe kutoka kwenye kadi. Chesisi iko kwenye shingo ya usukani, futa tope kwa kitambaa chenye mafuta ya taa utaiona. Injini ndiyo yenye visa. Pikipiki iliyofanya bodaboda huenda imeshabadilishiwa injini, fundi akaona amekusaidia, na siku ya ukaguzi namba zinakataana. Injini ikiwa imebadilishwa, dai risiti au mkataba wa ile injini kabla ya kununua. Bila hivyo utaonekana wewe ndiye wa kueleza imetoka wapi.

Bei kwenye mkataba andika ya kweli. Kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani, na vishoka watakushauri uandike bei ya baiskeli. Afisa naye anajua bei za pikipiki. Akikataa, unarudi kwa wakili kulipia karatasi nyingine.

Maombi yenyewe TRA ni mepesi: fomu, viambatanisho, namba ya malipo, unalipa kwa simu. Ukijaziwa steshenari, kaa pembeni ya kijana anayechapa usome kila herufi. Jina lazima lifanane na la NIDA. "Mfumo uko chini" utaisikia, na ukiisikia saa tano asubuhi usikae kusubiri benchini, nenda kamalize mengine.

Mengine ni haya. Leseni: daraja A1 ni kwa pikipiki isiyofika cc 125, na nyingi zinazopanda Matamba na mzigo ni 150 kwenda juu, hapo unahitaji A. Leseni ya gari haikufai. Kuihuisha kuna ada yake. Faini: angalia kwenye mfumo wa polisi kwa namba ya pikipiki, maana deni linafuata namba, na waliotangulia huenda wamekuachia urithi wa elfu kumi kumi. Bima: hakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya bima, kwa namba ya usajili. Stika nzuri isiyosoma kwenye mfumo ni pambo.

Sasa kadi ya njano, yaani bima ya chombo kinachovuka mpaka. Tanzania ilijitoa COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000, lakini imebaki kwenye mpango wa bima ya kadi ya njano, na Malawi wanaitambua. Inatolewa juu ya bima yako ya ndani, kwa hiyo iombe kwa kampuni ileile, na jina la bima liwe limeshafuata kadi mpya. Kibanda kilichokuuzia bima stendi huenda hakina. Nenda tawini mjini Mbeya, usingoje Kasumulu, ambako kila mwenye mkoba ni wakala wa kitu.

Pasipoti kama huna, Uhamiaji wanatoa hati ya dharura ya kusafiria. Piga kopi za kila kitu, mbili mbili, ungali mjini.

Msimu: mvua zikiwa zimekolea kati ya Desemba na Aprili, Kitulo kuna maua na barabara ya Matamba ni utelezi. Juni na Julai ni kukavu, ila asubuhi vidole havishiki klachi. Vaa glovu mbili.

Kasumulu kwenyewe pita kwa utaratibu: Uhamiaji, forodha, kisha upande wa pili uombe kibali cha kuingiza chombo kwa muda. Yule anayekukimbilia kabla hujazima injini, akikuita "bosi", si mfanyakazi wa pale. Kibali kina tarehe ya mwisho. Isome palepale, uombe muda unaozidi safari yako kidogo. Siku ya kurudi kirudishe dirishani, uhakikishe kimefungwa kwenye mfumo, uondoke na nakala yenye mhuri. Usipokifunga, kwenye kompyuta zao pikipiki bado iko Malawi, na utaelezwa hivyo siku utakayotaka kuvuka tena.