Somo: Filamu ya Majaribio Inayoonyeshwa kwa Ngoma na Msimulizi Aliyepo Ukumbini

Filamu ya namna hii haina sauti ndani yake. Sauti yote hutoka kwa watu walioketi kando ya skrini. Kwa kawaida huharibika pale mwongozaji anapoikamilisha picha kwanza, kisha akawaita wapiga ngoma waje kuipamba. Mfano wetu ni filamu ya dakika 10 kuhusu kupwa na kujaa kwa maji katika ghuba ya Mikindani, mkoani Mtwara.

Hatua ya kwanza ni kuketi na mpiga ngoma na msimulizi kabla kamera haijatolewa mkobani, mkakubaliana wapi ngoma itasikika peke yake, wapi sauti ya mtu, na wapi pawe kimya. Katika enzi ya filamu bubu Japani ilikuwa na wasimulizi walioitwa benshi, na sisi tunao wanaotafsiri filamu katika vibanda vya video. Hao, hata hivyo, hufuata kisa, ilhali msimulizi wetu anatakiwa akae mbali na picha. Skrini ikionyesha mtumbwi uliolala topeni, asiseme kwamba mtumbwi umelala topeni, kwani watu wana macho. Ataje bei ya pweza asubuhi hiyo, au jina la aliyeuchonga.

Hatua ya pili ni kupiga picha. Chagueni siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, kwa sababu ndipo maji hukimbia mbali zaidi. Mkirekodi fremu 25 kwa sekunde, shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia kwa kila fremu, iwe sekunde 1/50, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na taa za ndani huweza kumetameta kwenye picha.

Hatua ya tatu, kuhariri, ndiyo inayohitaji ujasiri. Acheni skrini iwe nyeusi kwa sekunde kadhaa ili ngoma ichukue nafasi, na kila sehemu ianze kwa picha ambayo mpiga ngoma ataitambua bila kuhesabu, kwa mfano mkono unaotupa nanga.

Hatua ya nne ni mazoezi. Wapigaji wakae wanapoiona skrini, na taa ya msimulizi ifunikwe isiangaze kitambaa.

Maswali ya wanakikundi

Mwalimu, shikamoo. Ngoma zetu hulegea usiku kwa unyevu wa pwani. Tufanyeje?

Marahaba. Zipasheni moto kabla ya onyesho, kama wachezaji wa sindimba, ngoma ya Wamakonde, wafanyavyo, na moto uwe mahali ambapo mwanga wake haufikii skrini ili usififishe picha.

Je, msimulizi atumie kipaza sauti?

Atumie, lakini spika iwekwe karibu na skrini, na wapigaji wapunguze mkono anapozungumza. Kuongeza sauti ya spika ili ishindane na ngoma ni kuwachosha watazamaji bure.

Umeme ukikatika katikati je?

Ngoma isinyamaze. Msimulizi aendelee gizani na maneno aliyoyaandaa kwa ajili hiyo, na umeme ukirudi, fundi aanzie mwanzo wa sehemu iliyokatika, huku mpiga ngoma akisubiri picha yake ya kutambulia.