Kumkinga mtoto na kuharisha hapa Mombasa, uwepo nyumbani au usiwepo

Muulize mama yeyote wa Kisauni au Likoni kwa nini watoto huharisha, atakutajia maji machafu, mikono, nzi na viporo. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii, huingia nyumba hadi nyumba, na majibu hayo huyasikia kila mahali. Tatizo huanza saa 12 asubuhi, mama anapotoka kwenda Kongowea kuuza mboga au kiwandani Changamwe. Mtoto hubaki na bibi, na jirani, au na dadake wa darasa la nne. Ujuzi wa mama umeondoka naye. Hatua hizi nimezipanga ili ujuzi huo ubaki nyumbani.

Hatua ya 1: Tenga maji ya mtoto

Nyumba nyingi zina maji aina mbili: ya chumvi ya kisima, na matamu ya kununua kwa mtungi. Ardhi yetu ya pwani ni mawe ya matumbawe yenye matundu, na uani choo cha shimo na kisima mara nyingi vimekaribiana. Kinachomwagika kule hufika huku upesi. Kwa hiyo usiyaamini maji kwa kuwa yanang'aa. Hata ya mkokoteni, hujui mtungi ulijazwa wapi.

Maji ya chumvi yaachie kufua na kuosha choo. Ya mtoto yawe matamu, na uyachemshe mpaka yatokote kwa dakika 1 nzima, au uyatie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na usubiri dakika 30. Yakiwa na vumbi, yachuje kwanza kwa kitambaa safi, maana dawa hushindwa na uchafu. Yaweke kwenye mtungi wenye mdomo mwembamba na kifuniko, ili yamiminwe, mkono usiingie. Kisha funga kitambaa chekundu kwenye mkono wa mtungi. Atakayebaki na mtoto, hata kama hajui kusoma, ataambiwa neno moja: mtoto anakunywa ya mtungi mwekundu.

Hatua ya 2: Chini ya miezi 6, maziwa ya mama tu

Hapa ndipo ninapobishana na watu zaidi. Joto la Februari na Machi likipanda, bibi humwonea mtoto huruma akampa vijiko viwili vya maji. Maziwa ya mama karibu sehemu 9 kati ya 10 ni maji, na mtoto anayenyonya vya kutosha hana kiu. Usimjibu bibi kwa ukali. Keti naye, mwambie, "Bibi, tuhesabu nepi." Mtoto akikojoa mara 6 au zaidi kwa siku, maji yamemtosha.

Ukienda kazini, kamua maziwa kwenye chombo kilichochemshwa chenye kifuniko. Utasikia kwamba hukaa saa 4 nje ya friji, lakini hiyo ni kwa chumba chenye nyuzi 25, na sisi huku mara nyingi tumepita hapo. Omba nafasi kwenye friji ya jirani. Anyweshwe kwa kikombe kidogo au kijiko, kwa sababu shingo na chuchu ya chupa ni taabu kuzisafisha vizuri.

Hatua ya 3: Sabuni iwe pale mkono unapopita

Toboa tundu kwa msumari chini ya mtungi wa lita 5, uzibe kwa kijiti, uuning'inize mlangoni pa choo. Mwingine uwe karibu na jiko. Sabuni itie kwenye wavu na uifunge hapohapo, la sivyo itahamia bafuni. Anawe kila anayetoka chooni, aliyemsafisha mtoto, anayetaka kupika na anayetaka kulisha. Maji ya chumvi hayatoi povu jingi. Sugua tu, sekunde 20, mpaka katikati ya vidole.

Hatua ya 4: Chakula cha mchana ukiwa haupo

Tui la nazi huchacha haraka kwa joto hili. Wali wa nazi au mbaazi za jana, hata zikinukia vizuri, usimwekee mtoto. Mpikie chake kidogo bila tui, kinachomtosha mlo mmoja.

Uji wa asubuhi kwenye chupa ya chai nao uangalie. Ukiwa moto kabisa hauna neno, lakini kufikia saa 7 mchana umeshakuwa vuguvugu, na uvuguvugu huo ndio vijidudu wanaoupenda. Ni salama zaidi kuacha unga uliopimwa, na anayebaki aupike upya. Chakula kilichokaa zaidi ya saa 2 nje kipashwe mpaka kitokote, au kimwagwe.

Embe lioshwe kabla ya kumenywa. Barafu za mifuko na sharubati za njiani, mtoto mdogo asipewe: hujui ni maji gani.

Hatua ya 5: Kinyesi cha mtoto

Ni hatari kama cha mtu mzima. Cha kwenye poti kitupwe chooni, na nepi zisirushwe nyuma ya nyumba.

Hatua ya 6: Chanjo

Chanjo ya rotavirusi, kirusi kinacholeta kuharisha kwa watoto, imo kwenye ratiba ya Kenya tangu 2014, huanza mtoto akiwa na wiki 6, na kituo cha serikali hulipi. Ya surua hutolewa miezi 9 na 18, nayo husaidia, kwa kuwa surua huleta kuharisha kubaya.

Hatua ya 7: Akiharisha

Weka ndani mapema pakiti za ORS, unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pamoja na zinki. Choo cha majimaji mara 3 kwa siku ni kuharisha, msingoje. "Ni meno" ni neno linalopoteza saa nyingi. Wengine watasema mtoto amechirwa, yaani anaugua kwa uzinzi wa wazazi, na lawama ziwaangukie wao. Wazee siwabishii mlangoni. Nawaomba tu mtoto aanze kunywa ORS sasa hivi, mengine yatazungumzwa baadaye.

Soma pakiti: nyingi ni za nusu lita, nyingine lita 1. Changanya na maji matamu yaliyotibiwa. Ya kisima cha chumvi yataongeza chumvi mwilini, na kuyachemsha hakuiondoi. Kila akiharisha, wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100, kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngojeni dakika 10, mwendelee polepole. Yaliyobaki baada ya saa 24 mwageni. Aendelee kunyonya na kula. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa wa chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14, hata choo kikikauka. Flagyl, dawa ya kuua vijidudu, ya kununua dukani bila kupimwa, hapana.

Macho yakidumbukia, akilegea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, au kukiwa na damu kwenye choo, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo. Chukueni kitabu chake cha kliniki na kikombe cha ORS. Kama bado anaweza kumeza, mnyweshe ndani ya tuktuk, na mkikwama kwenye foleni ya feri Likoni, mwendelee kumnywesha hapohapo.