Chai ya kijani haichemshwi: namna ya kuiandaa kwa maji ya Dodoma

Wengi wetu tumekulia kwenye chai ya rangi: majani ndani ya sufuria, tangawizi, moto mpaka rangi ikolee. Chai ya kijani ukiifanyia hivyo inakuwa chungu, ndiyo maana wateja wengi wa mgahawa wangu hapa Dodoma wana pakiti iliyolala kabatini tangu siku iliponunuliwa. "Dada, ile ni mwarobaini," mama mmoja aliniambia. Nikamwandalia kikombe mbele yake, akakimaliza bila sukari. Nilifanya hivi.

Kwanza ujue unachoshika. Mmea ni uleule unaotoa chai nyeusi ya Mufindi, Njombe na Rungwe. Majani ya chai nyeusi huachwa yapigwe hewa mpaka yageuke rangi. Ya kijani hupitishwa kwenye joto mapema, kwa mvuke au kikaangoni, ili yasigeuke. Hivyo hubaki na katekini nyingi, yaani kemikali za asili zilizomo kwenye majani ya chai. Hizo ndizo zinazotafutwa na wanaoinywa kwa ajili ya afya, na ndizo zinazoleta uchungu ukizidisha moto.

Hatua ya 1: Majani. Nunua pakiti ndogo, angalia tarehe, usichukue iliyopangwa juani. Majani mazima ni bora kuliko ya kwenye vifuko, ila vifuko vinafaa ukipunguza muda. Hifadhi kwenye kopo linalofunga vizuri, mbali na iliki na karafuu, maana yananasa harufu upesi.

Hatua ya 2: Maji. Hapa ndipo kazi ilipo kwa sisi wa Dodoma. Maji ya visima huku mengi ni magumu, na mitaa mingine yana chumvi kabisa. Utayajua kwa ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika, na utando unaoelea juu ya chai ikipoa. Yanaifanya chai iwe nzito rangi na kuiua ladha. Yachemshe, yaache yatulie usiku kucha kwenye chombo kilichofunikwa, kisha chota ya juu taratibu bila kutibua unga mweupe uliotua chini. Ugumu utapungua, lakini chumvi haitoki kwa kuchemsha. Kama chumvi unaisikia ulimini, tumia maji ya mvua uliyokinga vizuri na kuyachemsha, au ya chupa. Kikombe kimoja hakimalizi hata robo lita.

Hatua ya 3: Joto. Chai hii inataka nyuzi 75 hadi 80. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi kama 96, na hata hizo ni nyingi mno. Huna kipimajoto? Chukua kikombe kimoja upimie: vikombe vitatu vya maji yaliyochemka sasa hivi, na kimoja cha maji ya kunywa yasiyo ya friji. Changanya kwenye jagi. Unaangukia karibu nyuzi 78 bila kubahatisha.

Hatua ya 4: Kuloweka. Kijiko kimoja cha chai cha majani, kama gramu 2, kwa mililita 200 za maji. Mimina, funika, hesabu dakika 2, zisizidi 3. Chuja yote. Usiache majani ndani ya chupa ya chai, yataendelea kutoa uchungu. Ikitoka vizuri rangi yake ni manjano inayoelekea kijani, na mdomoni inaacha ukavu kidogo kisha utamu mwembamba. Majani hayohayo yanapokea maji mara ya pili. Anayeshindwa bila utamu aweke nusu kijiko cha asali ya Singida.

Hatua ya 5: Wakati wa kunywa. Hili nalisisitiza kwa kila mteja: usiinywe na chakula. Chai hii hushikana na madini ya chuma yanayotoka kwenye mimea na kuuzuia mwili usiyapate vizuri. Chakula chetu cha kila siku, ugali wa uwele au mtama, mlenda, kunde, kinategemea chuma ya namna hiyo. Kwa mjamzito, au binti aliyevunja ungo, damu ni muhimu kuliko kikombe chochote. Kaa saa moja hadi mbili baada ya kula. Saa nne asubuhi panafaa sana. Usiku kafeini yake inaweza kukunyima usingizi.

Na isubiri ipoe. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitaja vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 kuwa huenda vinasababisha saratani ya umio, na ugonjwa huo unaumiza watu wengi Afrika Mashariki.

Faida zipo, ila zipewe uzito wake. Utafiti wa Ohsaki, Japani, uliotolewa 2006, ulifuatilia watu wazima 40,530. Waliokunywa vikombe 5 au zaidi kwa siku walikufa kwa uchache zaidi kutokana na magonjwa ya moyo na mishipa kuliko waliokunywa chini ya kimoja. Kwa vifo vya saratani tofauti haikuonekana. Lehemu mbaya na shinikizo la damu hushuka kidogo tu, kwa hiyo tafadhali usiache dawa zako za presha au sukari. Kuhusu kupunguza mwili, wanaokuuzia kwa ahadi ya tumbo kuisha wanakudanganya. Faida kubwa ninayoiona kwa wateja ni kwamba kikombe hiki kinachukua nafasi ya soda au chai ya vijiko vinne vya sukari.

Vidonge vya chai ya kijani ni habari nyingine. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilionya mwaka 2018 kwamba katekini aina ya EGCG kuanzia miligramu 800 kwa siku kwenye vidonge inaweza kuumiza ini. Kunywa chai, acha vidonge. Anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) au nadolol (dawa ya presha) amuulize daktari kwanza.

Jua likiwa kali, loweka vijiko 4 vya majani kwenye lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, weka kwenye friji kwa muda wa saa 6 hadi 8, kisha chuja. Msimu wa zabibu naponda kiganja kimoja humo. Zisipokuwepo, kijiko cha unga wa ubuyu kinatosha, na vitamini C yake husaidia chuma kufyonzwa.

Chai iliyobaki bila sukari sukutua nayo mdomo. Majani yaliyotumika, yakikaushwa, huondoa harufu kwenye friji na viatu. Mabichi yamwage kwenye lundo la mboji.