Somo: Weldimeshi ya nyumbani, kuanzia dukani hadi bandani

Weldimeshi ni wavu wa chuma wenye nyaya zilizopishanishwa na kuchomelewa kila zinapokutana. Ndiyo maana ukikata waya mmoja, nyingine hazifumuki. Seng'enge ya kuku, ile ya matundu ya pembe sita, imesokotwa tu. Kuku hatoki, ila mbwa akitia nia ataingia. Hasara nyingi huanzia hapo: mtu amenunua seng'enge kwa kazi ya weldimeshi.

Ukiwa dukani uliza tundu, geji na zinki.

Tundu lichague kwa kumfikiria adui mdogo kuliko wote. Inchi 2 inazuia mbwa, lakini kunguru wetu wa Mombasa hupenyeza mdomo humo akamvuta kifaranga. Penye vifaranga weka nusu inchi. Nusu inchi humzuia pia panya mkubwa, lakini vipanya vidogo hupita, kwa hivyo stoo ya nafaka inataka robo inchi.

Geji inapopanda namba, waya unakonda: geji 16 ni kama milimita 1.6, geji 14 ni 2, geji 10 ni 3.2. Banda la kuku linatosheka na 16. Penye mbwa wanaozurura usiku, chukua 14.

Zinki ndiyo roho ya mambo kwa sisi wa pwani, maana upepo wa bahari una chumvi. Kuna wavu uliopakwa zinki kabla ya kuchomelewa, na moto ukaila zinki pale pale kwenye makutano. Kuna uliochovywa baada ya kuchomelewa. Tazama makutano kwa karibu: yakiwa na alama nyeusi ya kuungua, ni wa kwanza, yakiwa yamefunikwa na zinki iliyogandia, ni wa pili. Lipia wa pili, hata kama itabidi banda lipungue.

Sasa kazi. Mfano ni banda la futi 8 kwa 4, kimo futi 6, na rola ya upana wa futi 3.

1. Mzingo ni futi 24. Safu mbili ni futi 48. Chini panahitaji pindo la upana wa futi 1, la kuzuia wanyama wanaochimba (tazama hatua ya 5). Ukipasua upana wa rola vipande vitatu, futi 8 zinatosha. Ongeza futi 4 za kupishanisha na viraka vya pembeni. Jumla futi 60, yaani kama mita 18.

2. Kunjua rola mahali tambarare, weka mawe kwenye ncha, kisha ikunje kinyume kidogo kidogo. Isiponyooka sasa, itatuna ukutani.

3. Kata ukigusa waya unaofuata, usiache miiba. Kila ncha iliyokatwa ni chuma kitupu, kwa hivyo ipake rangi ya zinki siku hiyo hiyo.

4. Funga wavu upande wa nje wa fremu. Mnyama akisukuma, anaukandamiza kwenye mbao; ukiwa ndani, anang'oa misumari. Misumari ya U iwe ya zinki, moja kila inchi 4. Juu yake ongeza ubao mwembamba kwa skrubu.

5. Pindo likunje: inchi 3 zipande ukutani, 9 zilale nje ardhini, zifunikwe kwa mchanga na mawe. Mnyama huchimba pale ukuta unapogusa ardhi na kukuta wavu. Penye mwamba wa matumbawe njia hii inakuepusha na kutindua mtaro.

Kila baada ya wiki kadhaa uoshe kwa maji matamu. Maji ya kisima yenye chumvi yanaongeza tatizo lile lile.

Maswali ya wanachama

*Asalaam aleikum fundi. Niko Likoni, wavu wangu umeanza kutu kwenye makutano tu. Niutupe?*
Waaleikum salaam. Usiutupe. Sugua kwa brashi ya waya, osha, ukauke kabisa, kisha paka rangi ya zinki mara mbili. Ukibonyeza makutano yakaachia, kipande hicho kibadilishe.

*Imenibakia weldimeshi geji 14 ya inchi 2. Naweza kuilaza kwenye slabu badala ya BRC, ule wavu wa kuimarisha zege?*
Hapana, ndugu yangu. BRC ya aina ya A142 ina nyaya za milimita 6 kila milimita 200. Hiyo 142 ni milimita za mraba za chuma katika kila mita ya upana. Wavu wako unatoa kama 64, haufiki hata nusu. Na BRC yenyewe iinuliwe kwa vitalu vya saruji kabla ya kumwaga zege. Ikilala udongoni haifanyi kazi, itakula kutu tu.

*Nataka kutengeneza kizimba cha kasuku, dadangu kaniambia wavu mpya ni sumu. Kweli?*
Dadako yuko sawa. Kasuku hutafuna waya, na vichembe vya zinki humdhuru. Sugua wavu wote kwa siki na brashi, suuza, anika juani. Hatari inapungua, haiishi. Ukimudu chuma kisichoshika kutu, nunua hicho.

*Fundi wa kuchomelea anataka kuunganisha wavu na mlango wa chuma. Kuna ubaya?*
Moshi wa zinki inayoungua huleta homa na kutetemeka. Akwangue zinki kwanza, afanyie kazi nje huku upepo ukiwa mgongoni, avae barakoa ya moshi, si kitambaa. Akimaliza, pale alipochoma pakwe rangi ya zinki.